Kelele ya Kushoto

Jumatatu, 10 Machi

Nimeosha pikapu kama kila Jumatatu. Nimepeleka mahindi Busia mjini, nimerudi. Nikikata kushoto kuingia kwangu hapa Mundika, kitu kikalia chini: ko. Halafu stelingi ikanguruma kama ng'ombe mwenye njaa. Nimejaribu tena. Ko. Kulia hakuna kitu. Kushoto tu.

Si kitu. Mimi nimeendesha malori Malaba mpaka Juba. Gari haiwezi kunificha ugonjwa.

Lakini Ijumaa ni siku ya mke wangu, Mama Wanjala. Daktari wa macho anakuja Malaba kutoa mtoto wa jicho. Mke wangu amengoja tangu mwaka jana. Sasa ananijua kwa kikohozi tu. Pikipiki anaogopa. Na nimeshatangaza kanisani kwamba nitampeleka mimi mwenyewe. Hapandi gari ya mtu.

Jumanne, 11 Machi

Hamisi wa duka la spea ameniambia oili ya stelingi imepungua. Nilikuwa najua. Nimenunua, nimejaza. Kunguruma kumekwisha. Nimewaonyesha watu pale dukani jinsi stelingi inazungushwa na kidole kimoja.

Nimefika langoni. Ko.

Jumatano, 12 Machi

Nimevuka Uganda, nimepata tairodi iliyotumika, ile fimbo inayosukuma gurudumu ukikata kona. Nimeifunga mwenyewe, asubuhi mpaka jua la utosi. Hamisi alikuwa amesema nisibahatishe. Mtu mmoja azungushe stelingi, mwingine awe chini ameshika vyuma, asikie ni kipi kinaruka. Sikutaka. Dereva kama mimi anajua kwa sikio.

Ko. Tena kubwa kuliko jana.

Mgongo unauma. Nimekasirika. Nimekula kidogo.

Shida ni hii. Mtu wa nje simwiti, watasema dereva ameshindwa. Nyumbani tuko watatu. Mama Wanjala haoni. Anayebaki ni Nafula, mke wa kijana wetu Wanjala. Kazi ya Nafula ni kutengeneza malori huko Malaba, na watu wanamsifu. Lakini ni mkwe wangu. Kwetu mkwe hashikani mkono na baba mkwe, wala hakalii kiti chake. Sasa alale chini ya gari, mimi nimekaa juu yake? Ama mimi nilale chini, yeye aniangalie tumbo? Haiwezekani. Nimesema hapana.

Mama Wanjala akaniambia, "Mzee, hiyo heshima yako ndiyo itanitoa mtoto wa jicho?"

Nikatoka nikaenda kuangalia gari tena.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Wanjala ameamua bila mimi. Amemwomba Nafula asiende kazini. Wamefunga shuka mbili kando ya pikapu kama pazia. Nafula ameingia chini na ovaroli yake kutoka upande ule mwingine. Mimi ndani ya gari, vioo nimepandisha, injini nimezima, mawe nimeweka kwa matairi. Mke wangu amesimama katikati kupeleka maneno. Majirani wamekuja kwa ua kucheka. Nimeaibika sana.

Nafula anasema baba akate kushoto. Nakata. Nafula anasema baba arudishe. Narudisha. Nafula anasema baba akate polepole, si kama mtu anayekimbia polisi. Hilo la polisi sidhani ni la Nafula.

Halafu sauti ya Nafula mwenyewe ikatoka chini, imesahau pazia.

"Baba, ni boljointi ya chini. Nimeishika, inaruka. Kesho hungefika hata Amukura hapo njiani. Gurudumu lingelala barabarani."

Boljointi ni kile kifundo kinachobeba gurudumu likigeuka. Raba yake imepasuka, mchanga umekula ndani. Tairodi yangu haikuwa na kosa, hata ile ya zamani.

Nikashuka. Barabara ya Malaba ni malori matupu. Nikamwangalia mke wangu pale, ameshika shuka, anageuza uso kutafuta niko wapi. Nikaogopa. Mimi siogopi ovyo.

Nimenunua mpya kwa Hamisi. Kuifunga kulitaka mikono minne, maana bolti ilikuwa inazunguka pamoja na nati. Pazia likaondolewa. Nafula akasema, "Baba, shika hapa, usiachie." Nikashika. Mkono wake juu ya wangu, grisi mpaka kwa kiwiko. Hakuna aliyekufa.

Mama Wanjala akasema mkwe atolewe kuku wa kufuta mwiko, yaishe. Nimemkamata jogoo mwenyewe. Yule mkubwa. Nafula amempokea akiwa amepiga magoti, anacheka.

Nimekata kushoto langoni. Kimya. Nimerudi nyuma, nimekata tena. Kimya. Nimeingia na kutoka mpaka mke wangu akauliza kama nimepotea kwangu.

Moyo umetulia. Nimeimba wakati wa kunawa.

Ijumaa, 14 Machi

Tumefika Malaba mapema. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, nikapita kando, kushoto, kulia, kushoto. Gari iko laini kama siagi. Jicho la kulia limefanywa, limefungwa bandeji. Tunalala kwa dada yake hapa hapa, kesho wanafungua.

Daktari aliuliza nani amemleta mgonjwa. Nikamwambia. Nikamweleza na habari ya boljointi. Alikuwa na haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Bandeji imetolewa. Mama Wanjala ameniangalia muda mrefu. Akanitoa uzi kwa kola ya shati.

Njiani akaniomba niende polepole, anataka kuona. Aliona mihogo ya watu. Aliona mabati mapya. Aliona ng'ombe wa madoa, akamtaja. Nikaweka gia ya pili. Malori yakapiga honi nyuma yetu.

Kwa hii barabara mimi sijawahi kupitwa. Nikasogea kando. Yakapita yote.