Binti Nimempa, Timu Simpi

Baba yangu mpenzi,

Nimeolewa! Nilitaka neno hilo lije kabla ya salamu, kabla ya habari ya Mama, kabla ya kitu chochote. Nimeolewa, Baba, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Naosha vyombo huku nacheka. Kanzu zake nazinusa kabla sijazitundika. Jina lake Khalfani. Akiingia mlangoni huniita "mke wangu" polepole, kama mtu anayeonja chakula cha moto, na mimi hugeuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani.

Hukumjua. Alikuja Maskati ulipokuwa umeshatutoka. Kwao ni Waomani kama sisi, ila wazee wao walikaa Tabora, naye kakulia huko na kaja hapa mtu mzima. Tulionana Wattaya, kwenye duka la magari ninakofanya kazi mapokezi. Aliulizia gari dogo lililotumika, nikamtajia bei, akasema atarudi. Akarudi kesho yake, akarudi tena keshokutwa. Nikamwambia gari lile limeshauzwa. "Najua," akasema, "nilimuona aliyelichukua." Basi nikaangalia meza yangu mpaka alipoondoka, na siku nzima nikawa nawapa wateja funguo za magari siyo.

Sasa Baba, tulia, maana lililobaki litakuudhi. Khalfani ni kocha wa mpira. Na wiki ileile ya harusi yetu, chuo kilimchukua awe kocha wa ushambuliaji. Timu ya chuo. Timu yako.

Nauona uso wako. Uliendesha basi la timu ile tangu mimi sijaanza skuli. Siku za mechi ulinipakia nikae nyuma ya kiti chako, nimepakata chupa ya kahawa, nawe unawahubiria wachezaji kupitia kwenye kioo: "Mpira juu, kichwa, goli. Mengine yote fitina." Hamudi, yule kijana mrefu wa kwetu Darsait uliyemwacha mwaka wa kwanza, sasa yu mwaka wa mwisho, na mpaka juzi timu ilikuwa inacheza dini yako hiyo: mpira juu, kichwa cha Hamudi. Unakumbuka siku timu ilipofungwa, ukasimamisha basi kando ya barabara, ukawageukia vijana wa watu ukawaambia, "Anayejua kwamba leo kacheza, ateremke nimshike mkono"? Hakuteremka hata mmoja. Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia.

Khalfani yeye anasema kila timu inaijua dini hiyo, ndiyo maana hatuchukui kombe. Kamtoa Hamudi katikati, kamweka pembeni, akimbie na mpira mguuni. Katikati hakuweka mtu. Ndiyo, Baba. Hakuna mtu.

Ami Seifu, ndugu yako, ndiye mkubwa wa mashabiki siku hizi. Ndiye pia aliyekuwa walii wangu. Msikitini kamshika mkono Khalfani, kamwozesha kwa sauti iliyotetemeka, na wanaume wenzake wanasema alitokwa na machozi. Tukala walima, tukala na asali waliyoileta wakwe zangu kutoka Tabora. Vigelegele havijanyamaza, simu za watu zikaanza kulia: chuo kimetangaza kocha mpya. Ami akaja mpaka mlango wa upande wa wanawake, akaniita. Alikuwa bado kavaa kilemba cha harusi.

"Wewe ulijua?"

"Nimejua leo, Ami, kama wewe."

"Basi mwambie mumeo hivi. Binti nimempa, kwa moyo mmoja. Timu simpi."

Mechi ya kwanza tulifungwa. Hamudi alikimbia pembeni mpaka akashikwa na mkakamao wa miguu, na katikati kweli hapakuwa na mtu. Khalfani hubeba ubao mdogo anaochorea mishale ya wachezaji, basi tangu siku ile wamemwita Bwana Mishale. Kwenye kundi la mashabiki la simu, kila asubuhi ni yeye. "Mpira hauchorwi, unapigwa." "Bwana Mishale amepotea, anayemuona amwelekeze Tabora." Bi Zuwena, jirani yetu aliyenisinga mwili kwa liwa siku ya harusi, na mkono wake ungali unanukia, kaandika: "Mwanaume anayeogopa kuweka mtu katikati, hata nyumbani kwake atakaa pembeni." Niliyasoma hayo jikoni, nikayasoma tena, nikafungua maji ya bomba ili Khalfani asinisikie nalia.

Yeye alikula, akasifu mchuzi, akaenda kuchora.

Ijumaa, baada ya Alasiri, wakaja nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini. Ami Seifu na wazee wenziwe wanne, kanzu zimenyooshwa, udi unanukia tangu kwenye lifti. Nikadhani wamekuja kutupa pole na kutubariki nyumba. Nilifurahi, Baba! Nikatoa fuala yote niliyonayo: halwa, tende, machungwa, mikate ya ufuta. Khalfani akawamiminia kahawa kwa mkono wake. Mimi nikakaa jikoni, mlango umefungwa nusu.

Nikachungulia. Finjani tano, zimejaa, ziko chini mbele yao. Hakuna aliyegusa.

Wewe ndiye uliyenifunza jambo hili. Yule jirani ambaye mwanawe alivunja kioo cha basi alikuja kwetu, akapewa kahawa, akaiweka chini bila kunywa. Nikakuuliza jikoni kama kahawa yangu mbaya. Ukaniambia, "Huyo kaja na haja. Hainywi mpaka nimkubalie." Ukarudi sebuleni ukamwambia anywe kahawa yake, akainywa kwa funda moja, na habari ya kioo ikaishia hapo. Asiyetaka kukubali huuliza kwanza, "Haja yenu nini?" Anayemwambia mgeni anywe, kesha kubali, hata kama hajaambiwa anaombwa nini.

Lakini Khalfani kakulia Tabora. Kwao mgeni hupewa chai na mihogo, na asipokunywa huulizwa kama anataka sukari. Hata posa yetu wazee ndio waliozungumza, yeye alikaa kimya akitazama zulia. Nikaanza kumpungia mkono kutoka mlangoni. Akaniona, akanitabasamia tabasamu lile linalonimaliza, akawageukia wazee kwa ukarimu wake wote.

"Wazee wangu, mbona hivyo? Kunyweni, kunyweni kahawa, itapoa!"

Wakanywa! Wote watano, kwa pamoja, kama waliopigiwa filimbi. Ami Seifu akaitikisa finjani yake kuonyesha imemtosha, akaiweka, akajifuta masharubu.

"Mwenyezi Mungu akujaalie, mwanangu. Wallahi sikutaraji. Umetukubalia bila hata kutuuliza."

"Nimewakubalia nini, Ami?"

"Kuiacha timu. Kesho ukawaambie chuoni."

Khalfani alicheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyecheka naye. Mzee mmoja akamweleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, na mimi nikauona uso wa mume wangu unabadilika. Angeweza kusema hakujua. Hakusema. Aliangalia zile finjani tupu, akasema, "Kama nimetoa neno, nimetoa."

Baba, hapo nilimpenda mara ya pili, na nikaona atakayonyang'anywa. Usiku mzima wa kuamkia siku ile alikuwa akinieleza mpira wake kwa tende juu ya sahani, macho yanamng'aa kama mtoto wa Idi. Wamvunjie hayo kwa ukarimu wake mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, kwa kahawa niliyoipika mimi?

Nikajifunika mtandio, nikatoka. Nikawaamkia wazee mmoja mmoja. Nikachukua finjani, nikajimiminia mwenyewe, nikakaa chini mbele ya Ami Seifu, nikaiweka zuliani baina yangu na yeye. Sikuinywa.

"We mtoto we," akasema Ami. "Hapa ni kwako. Mwenyeji haweki finjani mbele ya mgeni."

"Wewe si mgeni, Ami. Wewe ni walii wangu. Nna haja kwako."

"Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Nanyi mmemfanyia mume wangu mbele ya nani?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kumenya chungwa ambalo hakulitaka. Ami akaitazama finjani kama iliyo na nge ndani. Kukataa haja ya bi harusi, yatima, aliyemwozesha kwa mkono wake mwenyewe! Kukubali, na kesho awatazame mashabiki!

"Namwachia mechi moja," akasema.

"Msimu mzima, Ami. Nawe humjui mtoto wa kaka yako? Naweza kukaa hapa mpaka Isha."

"Mkaidi kama babake." Akainuka, akavaa viatu, akarudi hatua moja, akanyoosha kidole. "Kunywa. Kunywa kahawa yako, inshallah ikuunguze. Msimu mzima. Lakini kufunga mdomo sijakukubalia. Jumatano nitamtukana mpaka wanisikie Mutrah."

Nikainywa. Ilikuwa imeshapoa, chungu, na sijawahi kunywa kahawa tamu kama ile.

Jumatano nikaenda uwanjani. Sikuwa nimekwenda tangu ulipofariki. Khalfani aliniomba nikae nyumbani, nisisikie. Nikamwambia mke hakai nyumbani mumewe akiwa vitani. Akaniambia si vita, ni mpira. Hakuwajua watu wetu bado, maskini.

Nilikaa nyuma ya Ami Seifu, mahali petu. Wakaanza hata timu haijatoka. "Bwana Mishale, leo umechora wapi?" "Weka mtu katikati, weka hata mama mkwe wako!" Ami alitimiza ahadi yake, mshipa wa shingo umemsimama. Kila Hamudi alipopata mpira pembeni, uwanja mzima ulimpigia kelele aende katikati, na yeye maskini anatazama huku kwa kocha, anatazama kule kwetu. Kabla ya mapumziko akakimbia, akawapita wawili, akatia krosi ya chini, kijana wa mwaka wa pili nisiyemjua jina akaja mbio kutoka nyuma, akafunga. Pale pale katikati, palipokuwa hapana mtu.

Niliruka. Ami naye aliruka, akawa ameshanikumbatia kabla hajakumbuka. Akaniachia, akakaa, akarekebisha kofia.

"Bahati ile," akasema. "Saa mbovu nayo husema kweli."

Kipindi cha pili wakasawazisha, na karibu na mwisho wakatufunga la pili. Hapo ndipo moto ulipowaka. Chupa za maji zikarushwa kwenye njia ya kukimbilia. Mtu mmoja safu ya juu yangu akasimama juu ya kiti, akapaza sauti: "Mrudisheni Tabora akarine asali! Mrudisheni Tabora!" Na wengine wakaitikia kwa makofi. Nikamuona Khalfani kule chini, mikono nyuma, hageuki.

Baba, sikumbuki nilisimama vipi. Miaka yote ile kando yako sikuwahi kufungua mdomo uwanjani, nilikuwa mshika chupa ya kahawa tu. Nikageukia safu ya juu.

"Asali hiyo mliilamba harusini kwangu mpaka mkakwangua sahani! Leo imekuwa shubiri? Kaa chini! Wewe mpira umeucheza wapi, sebuleni? Kaa chini nimuone mume wangu!"

Akakaa. Wallahi alikaa. Bi Zuwena akajishika kifua. Halafu upande mzima ule wakaendelea kumtukana, lakini kwa Kiarabu, na nikawajibu kwa Kiarabu pia.

Tumefungwa mechi mbili, na inayokuja ni ngumu kuliko zote. Hamudi kamwambia Khalfani kwamba anaanza kupapenda pembeni, ila asimwambie mtu. Ami hanisemeshi. Mama anasema nimewatia aibu, kisha ananiuliza nimesema nini hasa, nimwambie tena tangu mwanzo.

Wananiuliza watu, ungekuwa hai ungesemaje. Siwadanganyi. Ungekuwa safu ya mbele kabisa, unamtukana mkweo mpaka sauti ikauke, na tungekaa wiki nzima mimi na wewe hatusemezani. Ijumaa ungekuja kula kwetu hivyo hivyo, umenuna. Ungekaa naye sinia moja, ungemwambia usoni kwamba hajui mpira. Angekusikiliza kwa adabu zote mpaka umalize, kisha Jumatano angemweka Hamudi pembeni vile vile. Na mimi, Baba, ningelipakua pilau mbele ya macho yako, nikampa yeye lile pande la nyama ulilokuwa ukijiwekea wewe, na ungeniona, na nisingeangalia chini.

Mungu akulaze pema na akupanulie makazi yako. Mimi nakupenda kama zamani, na yeye nampenda kuliko nilivyodhani mtu anaweza.

Mwanao, ambaye sasa ni mke wa mtu