Hewa ya Mabaharia Arobaini na Wanane

Mama watoto,

Simu yako haipatikani, najua kiwandani mnaziacha kabatini. Ukisoma hii usivue viatu. Njoo zahanati, kifua cha kitindamimba kimebana tena. Uje na kadi yake, droo ya juu, na sweta. Jiko nimezima. Jirani anatoa gari, naandika huku nimempakata.

~~Hajambo, usihofu.~~ Sijui.

Uisikie kwangu kwanza. Tangu alfajiri nilikuwa kwenye ule mchezo wangu wa nyambizi, napanga doria ya siku sitini kwenye bahari za joto. Ndiyo, nyambizi tena. Safari ndefu vile inataka hesabu: mafuta ya kwenda na kurudi, maji ya kunywa, saa za kukaa chini kabla hewa haijachafuka. Kompyuta ikataka kuzima. Nikachomoa waya uliokuwa ukutani bila hata kuangalia ni wa nini, nikachomeka wangu.

Ulikuwa wa mashine yake ya kupumulia. Ile uliyonisisitizia jana jioni, mlangoni, umeshavaa sare ya zamu ya usiku: “Baba watoto, iwe na chaji.” Nikakujibu nimesikia.

Alipoanza kuhema niliiwasha. Kimya. Nikaibonyeza tena na tena, naye ananitazama tu, anangoja baba afanye kitu.

Hewa ya mabaharia arobaini na wanane, watu wasiokuwepo, niliipigia hesabu hadi dakika. Yake sikuiangalia.

Gari hilo linapiga honi. Njoo unigombeze huko huko, lakini njoo.

Baba watoto