Niliyomwambia Emil

Jumatatu, 4 Machi

Kikao kilianza saa moja jioni, kikaisha saa mbili kasorobo. Dakika arobaini na tano! Zamani saa hizo tungekuwa bado tunabishana juu ya taa moja ya barabarani, na Diwani Hruska, Mungu amrehemu, anakoroma taratibu. Siku hizi mambo yote yanafungwa furushi moja. Mimi nasoma vichwa, Meya Sabo anauliza kama kuna diwani anayetaka lolote litolewe lijadiliwe, wanatazamana, kimya. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nyundo. Haya, twendeni nyumbani.

Leo furushi lilikuwa na mambo tisa. La saba lilikuwa ruzuku ya jimbo ya kukamata wanaoendesha magari wamelewa. Nililisoma kwa sauti ileile niliyolisomea la sita, ambalo ni chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji. Likapita. Ruzuku hiyo italipia kizuizi cha kwanza cha polisi barabarani tangu Fenwick Heights iwe jiji, na hakuna hata aliyekohoa.

Baada ya kikao Renata Whitlow akanifuata mezani. Huyu ndiye mkuu wa polisi mpya – mpya kwangu mimi tu, maana ana miaka miwili kazini. Akasema kizuizi ni Ijumaa ya tarehe 15, saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, na matangazo nitatoa mimi kama karani wa jiji. Tarehe itangazwe wiki moja kabla. Mahali patangazwe asubuhi ya siku yenyewe. Nikauliza ni wapi, nikajifanya sina haraka ya jibu. Barabara ya Kituo, akasema, hatua mia tatu kutoka klabu ya wanajeshi wastaafu.

Klabuni! Ijumaa ya Kwaresima! Nusu ya jiji itakuwa pale inakula samaki. Na Emil atakuwa pale.


Jumatano, 6 Machi

Nimeshindwa kulala mchana, na mapumziko ya chakula ndiyo raha yangu ya mwisho katika ofisi hii. Namfikiria Emil tu.

Emil Kostal alikuwa mkuu wetu wa polisi miaka ishirini na miwili. Nilipoajiriwa mwaka themanini na sita nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, naogopa taipureta na naogopa madiwani. Yeye ndiye aliyenionyesha mahali sukari inapofichwa. Jumatatu asubuhi alikuwa analeta maandazi ya mkewe Bozena, yale yenye jamu ya boga – ona, naandika upuuzi, ilikuwa jamu ya plamu – na tunakula tumesimama, mikono imejaa wino wa kaboni. Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Ukicheka mezani kwako, polisi wote watano wanacheka.

Enzi hizo Emil hakuwa na kizuizi. Alikuwa na droo. Akimkuta mtu amelewa kwenye usukani, anamtoa, anamweka kwenye gari lake la polisi, anampeleka mpaka mlangoni kwake. Funguo za yule mtu zinalala kwenye droo ya meza yangu, zimefungwa kadi yenye jina. Asubuhi mwenyewe anakuja kuzichukua, kofia mkononi, macho chini. Mimi nilikuwa nampa bila neno. Mume wangu Stan alizifuata zake mara mbili! Mara ya pili alileta na maua, yangu mimi na ya Bozena. Wala hakuna kilichoandikwa kitabuni. Hakuna hakimu wala wakili, wala picha ya mtu kwenye mtandao amevimba macho.

Nilikuwa naamini hakuna jiji lililopendana kama letu. Leo sina Stan, Emil hana Bozena, na ofisi ina milango ya kufunguliwa kwa kadi.


Ijumaa, 8 Machi

Tangazo la tarehe nimelitoa. Jioni nilikwenda klabuni.

Foleni ilifika mpaka mlangoni. Samaki, saladi ya kabichi, pirogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi. Emil alikuwa kwenye meza ya dirishani, tai imenyooka, miaka themanini na mmoja na nywele zote kichwani. Akanitania mbele ya watu kwamba karani wa jiji anakula samaki wawili na kulipia mmoja. Nikamwambia yeye anakunywa wiski tatu na kukumbuka moja. Meza yote ikacheka. Mimi nilikuwa nimehesabu nne.

Nikamwomba nimrudishe mimi. Kwa utani kwanza, kisha kweli. Akanishika bega akasema, "We binti, barabara hizi nimezijua kabla hujajua kufunga viatu." Akaenda kwenye pikapu yake, hatua zimenyooka, kwa sababu Emil akilewa hutembea vizuri kuliko akiwa mzima. Taa za breki hazikuwaka pale kwenye kona. Nilisimama na sahani yangu ya karatasi mpaka mafuta yakanichuruzika mkononi.


Jumatatu, 11 Machi

Watu kumi na moja wamepiga simu kuuliza kizuizi kitakuwa wapi. Nimewajibu wote: Ijumaa asubuhi, saa tatu. Mmoja kanitukana. Mmoja alikuwa padri.

Emil hakupiga. Hasomi matangazo. Anasema aliyasoma ya kutosha alipokuwa anayaandika.


Jumatano, 13 Machi

Basi niandike na hili, maana naona nimelizunguka wiki nzima kama paka na ndoo ya maji.

Ray Novotny. Droo ile ilishika funguo zake mara nne. Mara zote nne nilimkabidhi mimi, na mara ya nne alinitania kwamba nimpigilie msumari wake mwenyewe wa kutundikia funguo. Nilicheka! Mwezi wa kumi na moja, mwaka tisini na tisa, akiendesha amelewa, alimgonga Carol Benes aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi. Carol alikuwa anatembea kutoka dukani, mifuko miwili. Alikufa palepale kando ya barabara.

Emil ndiye aliyekwenda kumwambia mumewe. Siku ya pili alikuja ofisini, akafungua droo yangu, akatoa kila kitu kilichokuwemo, akaondoka. Hakusema neno siku ile wala mwaka ule. Tulimzika Carol, tukala chakula cha matanga kwenye ukumbi wa kanisa, na watu wakaendelea kusema hakuna mkuu wa polisi mwenye moyo kama Emil. Na mimi nilisema.

Ninapokumbuka zamani huwa naruka ukurasa huu. Nazikumbuka kofia mkononi na jamu ya plamu.

Kwa hiyo najua. Kizuizi ni haki. Renata ana haki. Nikiulizwa na mtu yeyote barabarani nitasema hivyo na nitamaanisha. Lakini nikimwona Emil amesimama kando ya barabara, mzee yule, anapuliza kipimo cha ulevi mbele ya kijana aliyezaliwa yeye akiwa tayari anastaafu – hapana. Moyo unakataa kabisa.


Ijumaa, 15 Machi

Saa tatu asubuhi nimetangaza mahali. Ubaoni, kwenye tovuti, kwa gazeti. Kila neno sawasawa.

Saa tatu na dakika ishirini nimefunga mlango nimempigia Emil.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia asiende na gari. Naapa ndilo nililokuwa nimejipanga. Nikamwambia kuna kizuizi Barabara ya Kituo leo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama Renata amefanya hivyo kwa ajili yake. Sauti ile ikanimaliza. Nikasema hapana, Mkuu, ni kwa ajili ya kila mtu. Na papo hapo mdomo ukaongeza: "Ukirudi, pita Machimbo."

Basi, maneno matatu tu. Akasema asante binti, akakata.

Mahali si siri. Nimepatangaza mwenyewe, yeyote angesoma. Nimejiambia hivyo siku nzima, nimejiambia nikigonga mihuri, nimejiambia nikila. Lakini Barabara ya Machimbo, ile ya nyuma inayokwepa Kituo, haikuwa kwenye tangazo.

Sikwenda klabuni. Nimepasha supu. Saa moja na robo, nje bado kuna mwanga, simu ikalia. Emil. "Nimefika," akasema. Nikasubiri utani, hakuna. Nikauliza amekula vizuri. Akasema amechoka, akakata.

Kafika! Nimekaa na supu yangu nikalia kwa furaha, mwanamke mzima.


Jumatatu, 18 Machi

Niandike haya kabla ya kulala.

Furushi lilipita. Kisha Renata akatoa taarifa ya kizuizi: magari mia mbili na kumi na nne, madereva wawili wamekamatwa, hakuna aliyeumia. Meya akampongeza. Kisha zile dakika tatu tatu za wananchi kusema, ambazo kwa kawaida anazitumia bwana mmoja anayelalamikia majani yasiyozolewa.

Leo alisimama mama mmoja, Yolanda Pruitt, wa Barabara ya Machimbo. Simjui, alihamia majuzi. Hakupaza sauti. Alisema Ijumaa, saa moja na kitu, gari liliingia kwenye uwanja wake wa mbele, likavunja sanduku la barua, likapita juu ya bembea ya mtoto wake, likarudi barabarani likaondoka. Hakumwona dereva. Bintiye ana miaka tisa. Alikuwa kwenye bembea ile mpaka alipoitwa aje anawe mikono ale. Mama yule alileta mnyororo wa bembea kwenye mfuko wa dukani, akauweka juu ya meza mbele ya madiwani.

Akasema magari yalipita kwake jioni nzima, barabara ambako kwa siku hupita kumi. Kisha akauliza: "Nataka kujua ni nani aliyewaambia wapite kwetu. Na nataka swali langu liandikwe."

Likaandikwa. Mimi ndiye niandikaye.

Renata akamjibu kwa upole kwamba mahali pa kizuizi hutangazwa, watu wenyewe hutafuta njia nyingine, na hakuna mtumishi wa jiji aliyemwelekeza mtu yeyote. Nikaandika na hilo. Hakuna mtumishi wa jiji. Kalamu haikukwama hata kidogo, mkono wangu umezoea kuandika chochote kinachosemwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Pruitt akachukua mnyororo wake akarudi kukaa. Mtoto alikuwa pale, safu ya nyuma, anachora kwenye ajenda niliyoichapa.


Jumanne, 19 Machi

Saa sita na nusu. Mlango wangu uko wazi, naandika chini ya meza kama mwanafunzi.

Emil amekuja. Suti ile ya mazishi ya Bozena. Pikapu iko pale chini, naiona dirishani, taa ya kulia imevunjika na kuna rangi nyeupe ya sanduku la barua kwenye bampa. Hakuificha. Ameiegesha kwenye nafasi ya mkuu wa polisi, nadhani kwa mazoea tu.

Alisimama kaunta kwangu. Akasema amesikia habari za mtoto leo asubuhi kwa kinyozi, kwamba alidhani ni sanduku tu, kwamba alikuwa anakusudia kwenda kulilipia. Akasema mambo haya polepole, na kila alipofika kwenye neno mtoto alirudi nyuma akaanza upya. Nilimwambia akae. Akakataa. Akainama, nikasikia harufu ya sabuni ya kunyolea, ileile ya miaka yote.

"Nakwenda kumwambia Renata," akasema. "Nitasema njia nilichagua mwenyewe. Wewe hukunipigia simu. Umenielewa, binti?"

Nikamwambia kumbukumbu za kikao, zenye lile la hakuna mtumishi wa jiji, sijazisaini bado. Akaniambia basi nizisaini.

Akanipapasa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilijisikia salama kabisa, vile nilivyokuwa najisikia ofisi ikiwa chumba kimoja, na nikaona aibu ambayo sijui niiandikeje.

Renata ameshuka. Wamekaa kwenye benchi pale kwenye ukumbi, hakumpeleka juu, nadhani kwa heshima. Ametoa kidaftari. Nawasikia kila neno. Amemwuliza alikunywa nini, Emil amesema wiski nne. Amemwuliza kwa nini alipita Machimbo.

Emil amesema ni njia nzuri tu, ina miti.

Renata amesema, "Mzee Kostal, nakuuliza kwa sababu yule mama ameuliza. Kuna mtu alikuambia?"

Emil amesema hakuna.

Renata hajaandika. Kidaftari kimebaki wazi gotini. Ameuliza tena, polepole zaidi, kama kuna mtu. Emil hamtazami yeye. Ananitazama mimi, na anatikisa kichwa kidogo sana, kunikataza.

Karatasi za kikao ziko hapa kwenye kiwiko changu, mahali pa sahihi pako wazi. Naweka kalamu chini, nasimama.