Gauni la Mwezi wa Sita

Chumba cha nyuma ya duka la Mama,
Jumapili, tarehe 22 Machi, baada ya chai.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mume wako, na mapacha wamepona yale mafua. Mgongo wako je, bado unauma ukisimama zamu nzima? Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba anakohoa lakini hataki dawa, unamjua kaka yako. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kwenye pengo kutwa nzima.

Salamu zimekwisha. Sasa nikwambie ukweli: nina hasira na wewe. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili. Kwenye simu unazungumza wewe, mimi naitika "ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi", halafu nikikata nalia. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Unakumbuka ule ujumbe mrefu niliokutumia mwezi wa kwanza? Hakuna mtu mwingine niliyemwambia. Nilikueleza kwamba nilikuwa naondoka nyumbani bila kula, halafu saa nne najifungia choo cha shule na kumaliza pakiti nzima ya biskuti, haraka haraka, naogopa hata kutafuna kwa sauti. Nikitoka, nanawa mikono bila kutazama kioo. Nikakueleza nilivyobadilika: naamka saa kumi na moja na nusu, nauzunguka uwanja wa shule ya msingi mara mbili kwa miguu, narudi naoga, nakaa kwenye kiti, nakunywa chai na kula mkate na yai kama binadamu. Simu naiacha sebuleni ninapokwenda kulala. Hayo tu. Nikakwambia naanza kujiheshimu.

Wewe ukampigia Mama: "Wifi, mtoto ameamua kupunguza mwili!"

Lini nilisema hivyo, Shangazi? Wapi? Nilikupa siri nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, ukaigeuza habari ya nyama zangu. Mama alikuwa ameweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye cherehani. Wateja watatu walisikia. Mmoja akapiga makofi.

Halafu ukatuma mizani. Najua uliituma kwa mapenzi. Mama akaiweka dukani, pale pale mbele ya kioo cha kujaribia nguo, na kila Jumamosi nikaitwa nipande. Uzito wangu unaandikwa kwenye daftari la vipimo, kati ya kifua cha mwalimu wa kwaya na nyonga za mke wa kinyozi. Nikipungua kidogo, duka zima linapongeza. Nikiongezeka, duka zima linanitazama mdomo. Baba akipita anasema "mambo ya wanawake hayo" na kutoroka na redio yake.

Hilo ningelivumilia, maana kuvumilia ndiyo kazi ninayoijua. Kilichonishinda ni gauni.

Gauni langu la shule lilikuwa limechujuka, Mama akanishonea jipya. Nikalijaribu, halikufunga. Nilidhani amekosea. Mama hakosei, Shangazi, unajua mkono wake. Watu wanatoka mbali kumfuata. Alisema hivi, na pini mdomoni: "Nimekukatia la mwezi wa sita. Ukiendelea hivyo hivyo utaliingia lenyewe. Kwa sasa vuta pumzi."

Umesikia? Alimshonea msichana ambaye hayupo, mimi nikaambiwa nimvalie nguo zake.

Nilivuta pumzi siku sita. Siku ya saba, Jumanne, mwalimu wa hesabu akaniita ubaoni. Unajua mimi siinui mkono darasani, wananiita Kimya. Hesabu ilikuwa juu kabisa ya ubao. Nikanyoosha mkono kuifikia, na mshono ukaachia kutoka kwapani hadi kiunoni, kwa mlio ambao hata waliokaa nyuma kabisa waliusikia.

"Kimya kaongea!" akapiga kelele mmoja.

"Hapana, nguo ndiyo imemsemea!"

Mwalimu alinipa sweta lake. Sikukuandikia hayo. Na haya pia sikukuandikia: nililishona lile gauni kwa mkono, nikalivaa chini ya sweta, na tangu siku ile niliacha kila kitu. Asubuhi nilijifunika shuka mpaka dakika ya mwisho. Chai niliisusa. Nikarudi chooni na biskuti zangu, tena nikala kwa hasira, kama namkomoa mtu. Niliyekuwa namkomoa ni mimi. Uwanja ule ulikuwa wangu, Shangazi. Ulikuwa kitu pekee ninachofanya bila kumfurahisha mtu, na nyie wawili mkaufanya uwe wenu.

Shuleni tunasoma kwa lugha mbili. Kwa ile ya pili naweza kukataa kitu bila kuinamisha macho. Kwa hii ya nyumbani, kila "hapana" yangu inatoka na "samahani" mgongoni. Jumamosi ya tarehe 14 ilitoka peke yake.

Duka lilikuwa limejaa. Mke wa kinyozi, aliyekuwa akisubiri sketi yake, akasema, "Haya bibi harusi, panda tukuone!"

Mama hakuinua kichwa. "Panda upesi, watu wanasubiri."

"Sipandi."

"Umesemaje?"

"Sipandi, Mama. Na nataka gauni linalonitosha mimi wa leo."

"Wa leo ndiye nani?"

"Huyu hapa."

Nikashika meza. Mke wa kinyozi akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Mama akasimama, akasukuma kiti. "Kama unajua sana, cherehani hiyo. Kajishonee."

Nadhani hakutegemea nikae. Nikakaa. Nikajipima mwenyewe kwa tepu, nikafumua gauni pande zote mbili. Hakuwa ameacha hata kitambaa cha ziada ndani ya mshono, alivyokuwa na uhakika. Ikabidi nikate vipande kutoka gauni la zamani na kuviunga ubavuni, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Mshono wangu ulipinda kama njia ya ng'ombe. Saa tatu nzima Mama alihudumia wateja bila kuniangalia, na alivyokuwa anatupa mkasi mezani, mimi najua.

Jumatatu nililivaa bila sweta. Buluu mpya, na michirizi miwili iliyochujuka. "Kimya amechorwa kivuko cha barabarani!" akasema yule yule wa siku zote.

"Basi vuka," nikamwambia. Sijui ilitoka wapi. Darasa lilicheka, ila safari hii alicheka na yeye.

Jumanne niliamka saa kumi na moja na nusu. Mpaka leo sijakosa. Sitakwambia nimepungua au nimeongezeka, kwa sababu sijui, na ukiniuliza kwenye simu nitampa simu mdogo wangu akupigie mluzi. Niulize nimelala vipi. Niulize nimekula na nani. Hayo nitakujibu mpaka salio lako liishe. Na umpigie Mama umwambie nilichoandika mwezi ule, si ulichokielewa wewe. Hilo ni lako, mimi siwezi kulifanya.

Naye Mama hajaomba msamaha, na sidhani ataomba. Lakini Alhamisi nilipotoka shule aliniita karibu na dirisha, akaushika ule mshono wangu, akaugeuza nje ndani. Nikangoja aucheke. Akauliza, "Kwapani panakubana?"

Nikasema panabana kidogo.

Bado nina hasira naye. Nilinyoosha mkono juu, akaanza kufumua.

Nisalimie mume wako, na mapacha wabusu kila mmoja paji la uso. Baba anakusalimu, Mama naye pia, ingawa hajui kama nakuandikia. Mungu aulinde mgongo wako na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.