Ufunguo wa Nyumba ya Bertin

Baraka, tarehe 9 Juni 2024

Kwa kaka yangu mkubwa Bertin, huko Misisi,

Nakusalimia, yaya, mkubwa wangu. Natumaini mwili wako ni mzima na shimo lako la dhahabu halijakufukia. Huku tuko hai. Mama bado anasumbuliwa na miguu. Kila akitoka kanisani anauliza habari zako.

Shirika moja hapa Baraka lilitafuta mtunza ghala. Nilishinda mtihani. Kumbe kabla ya kutia sahihi wanachunguza maisha ya mtu, na koperative ya akiba na mikopo ikawajibu kwamba mimi ni mlipaji mbaya. Mimi, ambaye sijakopa hata kipande cha sabuni dukani! Ni ule mkopo wako wa mashine ya kuvuta maji shimoni. Niliudhamini kwa sababu ulinililia mbele ya Mama.

Madame Arlette, mkuu wa ofisi yao, aliniita nijieleze. Nilimwambia ni upuuzi mtupu kuwapima kwa madeni watu waliokimbia vita na godoro kichwani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tu ni nani aliyekula hiyo pesa.

Unajua desturi yetu. Mdogo hataji aibu ya mkubwa wake mbele ya wageni. Huinamisha kichwa na kusema ni yake. Nami niliinamisha muda wote simu yako ilipoita bila jibu, huku wachimbaji wanaorudi wakisimulia jinsi unavyowanunulia bia na wanavyokuita patron, bosi wao. Siku ile shingo ilichoka. Nilikutaja.

Sikuishia hapo. Nyumba yako ndiyo iliyowekwa rehani, na ufunguo uliniachia mimi. Nilikwenda kuwaita watu wa koperative, nikawafungulia kwa mkono wangu. Waling'oa mabati, madirisha, mpaka mlango. Deni limekwisha. Jirani yako Pulchérie alipiga kelele kwamba ninauza ndugu mchana kweupe; nikamwambia kama ana huruma, angelilipa yeye.

Kesho yake nilimpelekea Madame Arlette karatasi ya koperative ya kuonyesha deni limelipwa. Hakuigusa. Aliniambia, tena kwa Kibembe, lugha ya kwetu, ili nisikie vizuri, kwamba mtu anayemtoa ndugu yake kwa asubuhi moja, ghala lao atalitoa kwa saa ngapi? Na ndiye aliyeniuliza! Kazi amepewa mwingine.

Kwa hiyo umenila mara mbili, yaya. Sikuombi msamaha, wala usiniombe.

Mwenye pikipiki anayekuletea barua hii amebeba pia ufunguo wako. Uutunze vizuri. Mlango wake hauko tena.

Mama anakusalimia sana. Nami nakusalimia, kwa sababu ameketi hapa pembeni na amekataa kuinuka mpaka niandike hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Anatole