Kijana Mwenye Mwanya

Ngamiani, Tanga
3 Februari 1956

Kwa mdogo wangu Idarusi,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, na shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa. Je, ile homa imekuacha? Kazi ya kupakua meli haijakumaliza? Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi, ila shemeji yako Zubeiri ameumwa jino wiki nzima na nyumba yote imeumwa naye.

Santuri uliyompa dereva wa basi imefika salama. Upande wa kwanza ni mzuri, udi umelia kweli. Upande wa pili yule bwana anaimba kama aliyeamshwa usingizini. Nimeupiga mara moja, basi. Redio tunaisikiliza kwa jirani yetu Sugra, hasa kile kichekesho cha mzee bahili anayemficha mkewe sukari. Zubeiri hucheka huku ameshika shavu. Mimi sicheki sana, maana mzee wa namna ile tunaye humu ndani.

Sinema siachi. Kila onyesho la wanawake mimi na Sugra tumo, na buibui zetu, karanga mkononi. Picha za makaboi nawaachia ninyi wanaume: bunduki tangu mwanzo hadi mwisho, na wimbo hata mmoja hakuna! Mimi nipe picha ya Kihindi, watu waimbe, walie, nami nilie nao. Kihindi sikijui, ila Sugra hunitafsiria sikioni. Akianza kulia yeye, tafsiri inakatika na mimi najimalizia mwenyewe.

Sasa nije kwa Mwatumu, maana najua umeruka mistari yote hiyo ukilitafuta jina lake. Eda ya marehemu mumewe imekwisha salama. Miezi yote ile hakutoka nje, nawe unajua anavyopenda sinema tangu sote tulipohamia hapa kutoka Mkwaja. Basi kila nikitoka kwenye picha nilipitia kwake nikamsimulia yote. Nyimbo nilimweleza maneno tu, sikumwimbia, kwa kuwa nyumba ya eda si mahali pa nyimbo. Siku nyingine alicheka kidogo, akaziba mdomo kwa kanga.

Katikati ya siku hizo ndipo ulipoandika kwamba nimfikishie kuwa unataka kumwoa. Nilikujibu kwa ukali, na maneno yale siyarudishi nyuma. Mwanamke aliye edani haposwi, hata wewe ulifundishwa katika chuo cha Kurani. Nilikwambia sifungui kinywa changu, na kweli jina lako sikulitaja.

Lakini, Idarusi, kuna jambo sikukwambia. Wiki ile ilikuja picha ya mjane kijana anayependwa na mtu aliyekua naye. Mwisho wake mbaya: mjane anamkataa, kijana anapanda farasi anakwenda zake, na mwanamke anabaki peke yake na nguo yake nyeupe. Nililia mpaka nikaona haya. Nilipofika kwa Mwatumu nikamkuta amekaa mkekani, peke yake vilevile, na ule mwisho ukanishinda kuutamka. Nikasema kijana alirejea, wakaoana. Na kwa kuwa uongo nilishauanza, nikauendeleza: yule kijana nikampa mwanya wa mbele, kazi ya bandarini, na tabia ya kukohoa kila akiona haya. Mwatumu akaomba nirudie pale kijana aliporejea. Akaomba tena siku nyingine, na nyingine. Sijui kama nimepata dhambi. Niliogopa kumwuliza shekhe.

Juzi picha ile imerudi, na Mwatumu, kwa kuwa sasa anatoka, akataka twende. Nilisingizia kuumwa kichwa, akaniburuta. Nilikaa mle ndani natokwa jasho. Taa zilipowaka alitangulia kutoka, akatembea mbele yangu njia nzima mpaka mlangoni kwangu. Nikajua nimempoteza rafiki, na wewe nimekuharibia. Hapo akasema kwamba waliotengeneza picha ile hawajui kumaliza, na mimi najua. Akasema pia kwamba yule wa kwenye picha ana farasi na meno yaliyobanana, na si huyo ambaye yeye Mwatumu alikuwa akimngojea miezi yote ile. Kisha akaniuliza mwenye mwanya anakuja lini.

Kwa hiyo omba ruhusa kazini, uje kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Zubeiri anakusalimu, na amesema atapeleka posa yeye pamoja na wazee, jino likimruhusu. Sugra naye anakusalimu, ingawa amenuna kwamba nimeiharibu tafsiri yake. Nami nakuombea safari njema. Ukishuka kwenye basi, tafadhali, usikohoe. Cheka, auone mwanya.

Ni mimi dada yako,
Mastura