Nilipanda Mahindi Shamba Likipumzishwa

Mpendwa Mama Quinter, naomba unisaidie na tafadhali jina langu libaki huko kwako, maana siku hizi hata kanisani nakaa kiti cha nyuma na kutoka kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Sisi ni familia nane hapa upande wa Chepilat, chini ya mashamba ya chai, na mahindi yetu yaliposhikwa na ule ugonjwa wa majani kugeuka manjano na kukauka, tulikubaliana kwamba hakuna mtu atapanda mahindi mwaka mzima, sehemu moja iwe viazi, nyingine maharagwe, na ya tatu ipumzike ng'ombe wale nyasi hapo, halafu tuzungushe. Mwalimu Jonah, aliyestaafu, akatueleza kwamba vijiji vya Uingereza zamani vilifanya vivyo hivyo, shamba moja ngano, lingine shayiri na maharagwe, la tatu linalala, na mtu akikiuka anasimamishwa mbele ya wenzake kutozwa faini, tukacheka sana, na kwa vile mimi naonekana mtu wa msimamo nikachaguliwa kukagua mashamba ya wengine.

Sasa mama, mimi nimelelewa kwamba mwanaume mwenye shamba hanunui unga dukani, na wakwe zangu walikuwa wanakuja, basi nikapanda mistari sita ya mahindi nyuma ya nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, pale pale panapopumzishwa. Mke wangu akauliza, "Na watu wakiona?" Nikamwambia anayekagua ni mimi. Majani yalipogeuka manjano kama ya mwanzo niliyakata nikalisha ng'ombe, nikanyamaza.

Msimu huu sote tumerudia mahindi na ugonjwa umerudi, na umeanzia kwa Bonareri, mjane aliyekodi kipande kinachopakana na changu. Mkutanoni mtu akasema, "Huyu ni wa kutoka Nyamira, mbegu hatujui anatoa wapi, ndiye ametuletea." Bonareri akanigeukia, akasema, "Baba, si wewe ulikuwa unakagua kwangu kila wiki? Waambie basi." Nikaangalia viatu vyangu. Walipouliza nani anataka aondolewe, niliinua mkono pamoja na wengine. Mwisho wa mwezi kipande kinapewa mtu mwingine, na watoto wake watatu wanakula kutoka hapo. Juzi alimletea mke wangu maharagwe kama kawaida, nikasema nimeshiba. Nikisema ukweli nimekwisha hapa kijijini, nisiposema nitamwangaliaje huyu mama, nifanye nini?

Mwenye Aibu

Mama Quinter anajibu: Baba, pole, lakini pole hiyo ni nusu tu, nusu ingine nampelekea Bonareri. Unga wa dukani haujawahi kuua mwanaume. Wakwe zako wangekula, wangeshiba, na hakuna ambaye angeuliza ulisagwa wapi.

Kama ugonjwa ulitoka kwa mistari yako sita, mimi siwezi kuapa, hiyo ni kazi ya afisa wa kilimo na umwite wiki hii. Lakini hata akisema ulitoka kwingine, mkono uliinua wewe. Wewe kuliko mtu yeyote ulijua shamba la huyo mama ni safi, na ukaacha watu wamhukumu kwa pale alipozaliwa. Hilo ndilo limekuweka kiti cha nyuma, si mahindi. Ona aibu kabisa, inakufaa, ila usikae nayo tu nyumbani huku mwenzako akifukuzwa.

Nenda na mke wako kwa Bonareri, kabla hujamwambia mtu mwingine. Mweleze bila kuzungukazunguka, na usithubutu kumwomba akufichie. Kutoka hapo nenda kwa mwenye kipande umwambie asimpe mtu, kisha mwenyekiti aitishe mkutano, usimame, useme ulipanda wapi na lini, na uombe uamuzi ule ufutwe. Kazi ya kukagua rudisha. Watakucheka, na wengine watakutukana. Utavumilia, kwa sababu Bonareri amevumilia kwa kosa ambalo si lake.

Majina yenu nimeyabadilisha, lakini mama anayepakana na nepia yako akisoma atajua ni nani. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi.